Paul von Lettow-Vorbeck

Paul Emil von Lettow-Vorbeck (Saarlouis, 20 Machi 1870 – Hamburg, 9 Machi 1964) alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani aliyeongoza majeshi ya kikoloni ya nchi yake katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (leo Tanzania bara, Rwanda na Burundi) wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alipigana kwa zaidi ya miaka minne bila kukamatwa, akasalimisha silaha zake baada ya vita kwisha Ulaya.

Anakumbukwa pia kwa jinsi jeshi lake, lililofungiwa njia ya bahari na Waingereza, lilivyojitengenezea karibu kila kitu: viatu, sabuni, dawa ya malaria, fedha, mafuta ya magari na hata wiski. Sehemu kubwa ya habari hiyo inahusu delta ya mto Rufiji na nchi inayoizunguka, ambayo leo imo katika wilaya za Kibiti na Rufiji, mkoa wa Pwani. Sifa za ufundi huo zimeandikwa sana. Gharama yake kwa wakazi wa Rufiji imeandikwa kidogo zaidi.

Maisha ya awali

Lettow-Vorbeck alizaliwa katika familia ya makabaila wa Pomerania. Baba yake alikuwa jenerali. Alisoma katika shule za kijeshi za Potsdam na Berlin-Lichterfelde, akawa afisa mwaka 1890.

Mwaka 1900 alipelekwa China pamoja na kikosi cha Kijerumani kilichoshiriki kuzima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 alikwenda Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani (leo Namibia), akiwa msaidizi wa jenerali Lothar von Trotha. Huko jeshi la Kijerumani liliwaangamiza Waherero na Wanama kwa njia ambayo leo inatambuliwa kuwa mauaji ya kimbari. Mwaka 1906 alijeruhiwa jicho la kushoto katika mapigano na kikosi cha Jakob Morenga, akatibiwa Afrika Kusini. Waandishi wengi waliomsifu baadaye kama mpiganaji muungwana walipita haraka juu ya miaka hiyo.

Tangu mwaka 1909 hadi 1913 aliongoza kikosi cha askari wa majini mjini Wilhelmshaven. Alikuwa amepangiwa kwenda Kamerun, lakini amri ilibadilishwa akatumwa Afrika ya Mashariki. Katika meli alisafiri pamoja na Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmaki aliyekuwa akienda Kenya kuolewa, na urafiki wao ulidumu. Alifika Dar es Salaam Januari 1914.

Kuanza kwa vita

Vita vilipoanza Agosti 1914, jeshi la kikoloni (Schutztruppe) lilikuwa na kombania 14 zenye askari Waafrika 2,472 na Wajerumani wachache. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingie vitani, akitegemea mkataba wa Berlin wa mwaka 1885. Lettow-Vorbeck hakukubaliana naye. Aliamini ya kwamba koloni haliwezi kuokolewa, lakini linaweza kuwalazimisha Waingereza kuweka Afrika askari wengi ambao wangetumika Ulaya. Mabishano ya wawili hao yaliendelea hadi mwisho wa vita.

Tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka Uhindi. Lettow-Vorbeck aliwashinda akiwa na watu takriban 1,000. Waliporudi melini waliacha nyuma bunduki za kutosha kombania kadhaa, bombomu 16 na risasi 600,000. Januari 1915 alishinda tena Jasini, mpakani na Kenya, lakini alipoteza maafisa na risasi nyingi mno. Tangu hapo aliepuka mapigano makubwa, akashika vita vya kuvizia na kurudi nyuma.

Manowari katika delta ya Rufiji

Katika bahari Wajerumani walikuwa na manowari moja ya maana, SMS Königsberg, chini ya nahodha Max Looff. Wenyeji waliiita Manowari na bomba tatu, kwa sababu ya dohani zake tatu. Septemba 1914 ilijificha katika delta ya Rufiji. Tarehe 20 Septemba ilitoka usiku, ikaizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikarudi ikiwa na hitilafu ya mitambo.

Delta ilifaa sana kwa kujificha. Mto unagawanyika katika mikono mingi kabla ya kufika baharini, na kingo zake zimefunikwa na msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki. Wajerumani walikuwa wamepima mikondo yake kabla ya vita. Ramani za Waingereza zilikuwa za zamani. Vyuma vilivyoharibika vilibebwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Safari hiyo yote ilifanywa kwa nguvu za mikono na migongo ya watu, kupitia nchi isiyo na reli wala barabara ya magari.

Waingereza waliizuia milango ya delta kwa miezi minane. Mabaharia wengi waliugua malaria, na chakula na makaa ya mawe vikapungua. Tarehe 6 na 11 Julai 1915 meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikiongozwa na ndege zilizoonyesha mahali pa kulenga. Königsberg iliharibiwa, na Looff, aliyejeruhiwa, aliamuru izamishwe.

Kwa Lettow-Vorbeck huo haukuwa mwisho wa meli. Mizinga yake yote 10 ya milimita 105 ilitolewa majini na kupelekwa Dar es Salaam, ambako mafundi waliitengenezea magurudumu na fremu ili ivutwe nchi kavu. Haikuundwa kwa kazi hiyo hata kidogo: mzinga mmoja ulihitaji mamia ya watu kuuburuta. Hata hivyo ilikuwa mizinga mikubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Mmoja ulitumika kwenye meli Goetzen katika Ziwa Tanganyika. Mabaharia waliosalia waliingizwa katika jeshi la nchi kavu.

Kujitengenezea kila kitu

Machi 1915 Waingereza walitangaza rasmi kuifunga pwani yote. Meli mbili tu za mizigo zilipenya. Ya kwanza, Rubens, ilifika Aprili 1915 katika ghuba ya Mansa, kaskazini mwa Tanga, ikashambuliwa na kuzama kwenye maji mafupi. Mizigo mingi iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa. Kwa miezi kadhaa watu walizifungua moja moja, wakaanika baruti, wakazijaza upya. Ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, Machi 1916. Nje ya hizo hakuna kilichoingia.

Wakulima wa mashamba makubwa, wamisheni, mafundi wa reli na watafiti wa taasisi ya kilimo ya Amani, katika milima ya Usambara, walianza kutengeneza vitu vilivyokuwa vikiagizwa. Pamba ilisokotwa na kufumwa kwa mkono, ikatiwa rangi ya kaki kwa mizizi na magome. Mpira wa mashambani ulichanganywa na salfa ukawa matairi. Mbata za nazi zilitoa mafuta ya kuendeshea magari, yaliyoitwa trebol. Mishumaa ilitoka kwenye nta, sabuni kwenye mafuta ya wanyama na ya nazi.

Kwa viatu, ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini zilidabighiwa kwa magome ya mikoko ya pwani, zao lililokuwa likiuzwa kutoka delta ya Rufiji tangu zamani kwa kazi hiyohiyo. Lettow-Vorbeck mwenyewe alijifunza ushonaji wa viatu ili asitembee pekupeku. Alisimulia kwa mzaha ya kwamba kiatu chake cha kwanza kilikusudiwa kuwa cha kulia lakini kilifanana zaidi na cha kushoto.

Hata fedha zilitengenezwa. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Heleri zilipigwa kwa shaba ya maganda ya risasi na mizinga, na sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo ilitolewa kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Mwaka 1917 noti za rupia zilichapishwa porini kwa mihuri midogo ya mpira, mchezo wa watoto.

Pombe, wiski na dawa chungu

Kabla ya vita Wazungu wa koloni walikunywa bia iliyoletwa kwa meli, pamoja na ile iliyotengenezwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Schultze. Bia ya namna hiyo hutaka shayiri na hopsi, na mimea hiyo si ya pwani ya Afrika. Njia ya bahari ilipofungwa, Wajerumani waligeukia yaliyokuwapo shambani. Amani na mahali pengine walitengeneza wiski na vileo vingine vya kienyeji kwa mitambo waliyojiundia.

Kanuni ya mtambo wa namna hiyo ni moja popote duniani. Kwanza nafaka, matunda au sukari huchachushwa katika pipa kwa hamira, ambayo hula sukari na kutoa kileo pamoja na gesi ya kaboni dioksidi. Kisha kioevu hicho huchemshwa katika chombo kilichofungwa. Kileo huchemka kwa joto la nyuzi 78 hivi, kabla ya maji, kwa hiyo mvuke wa kwanza huwa na kileo kingi. Mvuke hupitishwa katika bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, ukarudi kuwa kioevu na kudondoka upande wa pili. Mafundi waliozoea boila na mabomba ya injini za reli waliijua kazi hiyo tayari, kwani boila nayo ni chungu kilichofungwa.

Wenyeji wa Rufiji hawakuwa na haja ya kusubiri meli ili wanywe. Walikuwa na pombe ya mtama, inayopikwa kwa kimea: nafaka hulowekwa, huachwa iote, huanikwa na kusagwa, ndipo huchachushwa katika vyungu na kuchujwa. Pwani na katika delta palikuwa na tembo la mnazi. Mgema hupanda na kibuyu na kisu chake kinachoitwa kotama, akakata karara la mnazi kidogo kidogo asubuhi na jioni ili utomvu utiririke. Utomvu huo huanza kuchacha palepale juu ya mti, na ukifungwa kwa nguvu katika chupa gesi yake yaweza kuipasua. Ndiyo sababu vyombo vya tembo huachiwa mwanya. Vifaa vyote hivi vilitoka mashambani na misituni. Waandishi wa Ulaya walioshangazwa na wiski ya Amani hawakuona ajabu yoyote katika kibuyu.

Kinywaji kilichopata jina kuliko vyote, hata hivyo, hakikuwa pombe. Malaria iliangusha Wazungu wengi kuliko risasi, na kwinini ilikuwa ikiagizwa kutoka Ulaya. Miti ya mkwinini ilikuwapo Usambara, ikilimwa kwa majaribio tangu kabla ya vita. Magome yake yalipelekwa Amani na Mpwapwa, yakafanywa vidonge. Waingereza walipoteka reli zote mbili mwaka 1916, utengenezaji wa vidonge ulikwisha. Kuanzia hapo magome yaliyobebwa na wapagazi yalichemshwa tu kwa maji, na maji hayo yakanywewa. Yalikuwa machungu kupita kiasi. Askari wa Kijerumani wakayaita kwa utani pombe kali ya Lettow, na jina hilo limewafanya baadhi ya wasomaji wa baadaye kudhani ni aina ya gongo.

Mwaka 1917 katika nchi ya Rufiji

Machi 1916 jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alianza kusonga mbele kutoka Kilimanjaro akiwa na jeshi kubwa. Morogoro ilitekwa Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Lettow-Vorbeck alirudi kusini. Amani, karakana za Tabora na viwanda vya pwani vilibaki mikononi mwa adui, na jeshi likawa linategemea tu kinachoweza kubebwa kichwani au kuchukuliwa njiani.

Desemba 1916 alishambulia Kibata, katika milima ya Matumbi kusini mwa Rufiji. Mzinga mmoja wa Königsberg uliburutwa juu ya milima hiyo na kutumika dhidi ya vikosi vya Waingereza, ambavyo vilijumuisha askari kutoka Uhindi, Afrika ya Mashariki na Ghana. Mapigano hayakumpa ushindi kamili, lakini yaliwachelewesha Waingereza. Januari 1917 Smuts alijaribu kumzingira kutoka upande wa Mgeta. Mwindaji maarufu Frederick Selous, aliyekuwa kapteni upande wa Waingereza akiwa na umri wa miaka 65, aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari. Baadaye pori la akiba la Selous lilipewa jina lake. Lettow-Vorbeck alivuka Rufiji na kupita.

Kisha mvua zikanyesha. Zilikuwa kubwa kuliko kawaida, mto ukafurika, na vikosi vya pande zote vikakwama. Askari wa Nigeria waliokuwa upande wa Waingereza walikosa chakula kwa wiki nyingi, wakachimba mizizi porini. Upande wa Wajerumani Lettow-Vorbeck alipunguza posho ya unga, akawafukuza kutoka kambini wapagazi wasiohitajika, akawatuma kusini wake wengi wa askari. Mahindi yalivunwa yakiwa mabichi, yakakaushwa kwa moto ili yasagike. Viboko wa Rufiji waliwindwa kwa ajili ya mafuta. Mnyama mmoja mnene alitoa mafuta meupe ya kujaza ndoo mbili na zaidi. Mikate ilitengenezwa kwa mtama, muhogo na viazi vitamu. Bandeji zilipokwisha, magome ya miti yalipondwa na kuchemshwa yakatumika badala yake.

Mahindi yale yalikuwa ya watu. Bonde la Rufiji lina rutuba kwa sababu mafuriko huacha udongo mpya kila mwaka, na ndiyo sababu jeshi lilikwenda huko. Ghala za vijiji zilikombwa kwanza na jeshi lililorudi nyuma, kisha na jeshi lililofuata. Wanaume walikuwa wamechukuliwa upagazi na pande zote mbili, kwa hiyo msimu wa kupanda uliwakuta wanawake, wazee na watoto. Watu waliokosa mtama wa uji hawakuwa na wa kimea wala wa mbegu.

Si mara ya kwanza kwa nchi hiyo. Vita vya Maji Maji vilianzia Matumbi mwaka 1905, na Kinjeketile aliyetoa maji alikuwa Ngarambe, Rufiji. Wajerumani walivimaliza vita hivyo kwa kuchoma mashamba na ghala, na njaa iliua watu wengi kuliko bunduki. Mwaka 1917 mtu wa Kibata mwenye umri wa miaka 20 alikuwa ameona mambo hayo mara mbili. Mwaka 1918 ikafuata homa ya mafua ya dunia nzima, iliyowakuta watu wakiwa tayari wamedhoofika. Makadirio yanayotajwa na wanahistoria kwa vifo vya raia katika koloni lote yanafikia takriban 300,000. Wapagazi waliokufa kwa maradhi na uchovu, wengi wakiwa upande wa Waingereza, ni makumi ya maelfu.

Msumbiji na kusalimu amri

Oktoba 1917 yalifanyika mapigano ya Mahiwa, karibu na Lindi, makali kuliko yote ya vita hivyo. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 waliouawa na kujeruhiwa, Wajerumani zaidi ya 500, lakini Lettow-Vorbeck hakuwa na wa kujazia pengo. Alipandishwa cheo kuwa meja jenerali. Novemba aliwaacha wagonjwa na majeruhi, nahodha Looff miongoni mwa walioachwa, akavuka mto Ruvuma tarehe 25 na kuingia Msumbiji, koloni la Wareno. Ndege-puto kubwa iliyotumwa kutoka Bulgaria kumletea dawa na risasi ilikuwa imegeuzwa njiani juu ya Sudan.

Huko kujitengenezea kulififia, kukafuata kunyang'anya. Kambi za Wareno zilitoa bunduki, risasi, nguo na kwinini. Chumvi ilipatikana kwa kuchoma majani fulani na kuchuja majivu yake. Mapema Julai 1918 jeshi liliteka Nhamacurra, kituo cha reli karibu na Quelimane, likakuta sukari, divai na pombe kali kwa wingi. Kwa mara moja kamanda aliyehesabu unga kwa gramu aliwaacha askari na wapagazi wanywe, na pombe ikawashinda kwa wingi wake.

Septemba 1918 alirudi katika koloni la Kijerumani, akapita kusini mwake na kuingia Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Tarehe 13 Novemba aliteka Kasama, siku mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Habari ilimfikia kesho yake kwenye mto Chambeshi. Tarehe 25 Novemba 1918 alisalimisha silaha Abercorn (leo Mbala) akiwa na maafisa 30, Wajerumani wengine 125, askari 1,168 na wapagazi wapatao 3,500. Bunduki zao nyingi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Maisha baada ya vita

Machi 1919 alipokewa Berlin kama shujaa, akapita kwa farasi chini ya lango la Brandenburg mbele ya maafisa wake. Ujerumani iliyoshindwa ilihitaji mtu wa kumshangilia. Mwaka huohuo alimwoa Martha Wallroth. Walipata watoto wanne, na wana wao wote wawili wa kiume waliuawa katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1920 alitoa kitabu cha kumbukumbu za vita pamoja na kingine kwa vijana, Heia Safari!, kilichosomwa sana. Vitabu hivyo ndivyo chanzo cha mengi yanayosimuliwa kuhusu ufundi wa jeshi lake, na vimeandikwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuonyesha kwamba wakoloni wa Kijerumani walipendwa.

Julai 1919 aliongoza wanajeshi walioingia Hamburg kuzima ghasia za watu wenye njaa. Machi 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kupindua serikali ya jamhuri, akafukuzwa jeshini. Alifanya kazi ya biashara ya nje mjini Bremen. Kuanzia 1928 hadi 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wahafidhina. Mwaka 1929 alialikwa London, akakutana na Smuts, nao wakawa marafiki. Chini ya Hitler alikataa ubalozi wa Uingereza, akawekwa pembeni. Baada ya 1945 aliishi katika umaskini, na Smuts ni miongoni mwa waliomtumia vifurushi vya chakula.

Mwaka 1953 alirudi kutembelea Afrika ya Mashariki, akapokewa Dar es Salaam na wazee waliokuwa askari wake. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akazikwa Pronstorf. Kwenye mazishi alizungumza waziri wa ulinzi Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara.

Mwaka huohuo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa hai. Ofisi ilifunguliwa Mwanza, wakaja wazee mia kadhaa. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Inasimuliwa kwamba karani alimpa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Kwa wapagazi hakukuwa na mpango kama huo.

Kumbukumbu

Mjusi wa kale aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, alipewa mwaka 1919 jina la Dysalotosaurus lettowvorbecki. Nchini Ujerumani kambi za jeshi na mitaa kadhaa zilikuwa na jina lake; nyingi zimebadilishwa jina tangu mjadala kuhusu Namibia ulipoanza kupamba moto.

Mizinga ya Königsberg ilitawanyika. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, manowari iliyozamishwa nayo. Mwingine uko Pretoria. Gamba la meli lilibaki mtoni kwa miaka mingi, likionekana maji yalipopungua. Vyuma vyake vingine vilichukuliwa kama chakavu, na vilivyosalia vikamezwa na tope la delta, katika eneo ambalo tangu kugawanywa kwa wilaya ya Rufiji limo katika wilaya ya Kibiti.